Kufuli Kwenye Tovuti Siyo Ushahidi: Vijana Tujifunze Kukagua Vyeti



Leo naomba tuongelee linki. Magrupu yetu ya WhatsApp yamejaa linki kuliko hoja. Jisajili hapa, changia hapa, angalia orodha ya majina hapa, saini hapa tudai haki yetu. Tunagusa. Tunajaza jina, namba ya simu, namba ya NIDA, wengine mpaka namba ya kadi ya mpiga kura. Tukimaliza tunaisukuma kwa watu hamsini wengine. Ukimuuliza mtu amejuaje kwamba ile ni tovuti ya chama kweli, jibu ni lilelile kuanzia Tunduma mpaka Kigoma: si ina nembo yetu? Si ina kufuli?

Nembo anaipakua mtoto wa darasa la tano. Kufuli nalo nitalieleza. Ila kwanza niseme ninachotaka kusema, asije mtu akaishia njiani bila kukisikia: nyuma ya kila kufuli kuna cheti, na vyeti hivyo vinaandikwa kwenye daftari la wazi ambalo kijana yeyote mwenye simu na MB chache anaweza kulisoma. Bure, bila kujisajili, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Sisi tunaodai kila siku uwazi wa fomu za matokeo tulitakiwa tuwe wa kwanza kulijua daftari hilo. Wengi wetu hatujawahi hata kulisikia.

Miezi michache iliyopita iliingia fomu kwenye grupu la vijana wa kata. Juu ina rangi za chama na picha ya mkutano wa hadhara, chini maelezo kwamba chama kinahakiki wanachama wa Nyanda za Juu Kusini na mwisho ni Ijumaa. Wanataka jina kamili, NIDA, simu, kijiji, na nafasi yako ndani ya chama. Nafasi yako ndani ya chama! Hiyo ndiyo iliyonishtua. Dogo mmoja wa bodaboda, mchapakazi kwelikweli siku za kampeni, alikuwa ameshajaza na kuandika “tayari kamanda”. Nikafungua crt.sh, nikaandika jina la tovuti ile. Cheti chake cha kwanza kabisa kilikuwa kimetolewa siku tano kabla. Nikaandika na jina la tovuti rasmi ya chama: orodha ya vyeti vya miaka na miaka, inashuka mpaka unachoka kidole. Nikapiga simu mkoani Vwawa, hawaitambui fomu hiyo. Wao wakauliza juu, huko nako hawaitambui. Admini akaifuta, tukatoa tangazo.

Aliyeitengeneza hakuja kujitambulisha. Anaweza kuwa tapeli wa kawaida, ndugu yake yule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Anaweza kuwa mtu mwenye haja maalumu na orodha ya vijana wa upinzani, kijiji kwa kijiji, na vyeo vyao. Kwa yule dogo wa bodaboda haijalishi ni yupi kati ya hao. Namba yake ya NIDA imeshaondoka.

Sasa kufuli. Mtu wa huku kwetu hahitaji kuelezwa sili ni kitu gani. Malori yanapita mchana na usiku kwenda Tunduma, yavuke Nakonde, yaendelee Zambia na Kongo, na mizigo ya kupita njia inatoka bandarini imefungwa sili. Sili ikifika mpakani ikiwa nzima, maana yake mlango haukufunguliwa njiani. Basi, inaishia hapo. Haikuhakikishii kwamba dereva ni mtu mwema, wala kwamba mwenye mzigo hakuficha kitu kabla mlango haujafungwa. Cheti cha tovuti kinafanya kazi ya namna hiyo. Kinakuhakikishia kwamba unaongea na seva ya jina lilelile lililoandikwa pale juu kwenye kivinjari, na kwamba unachoandika kinasafiri kimefungwa, mtu wa katikati hakisomi. Sasa kama jina lenyewe ni la tapeli, basi unaongea na tapeli kwa usalama wa hali ya juu.

Zamani cheti kilikuwa cha kununua, na bei yake ilikuwa inawazuia vishoka wengi. Mwishoni mwa 2015 mradi wa Let's Encrypt, unaoendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani, ulianza kuvitoa bure. Kompyuta inakuhakiki yenyewe kwa dakika chache, na inachohakiki ni kitu kimoja: kwamba jina la tovuti liko mikononi mwako kweli. Haikuulizi wewe ni nani wala unataka kufanya nini. Mimi naona ni jambo jema sana, maana blogu kama hii na asasi zisizo na hela zimepata ulinzi uliokuwa wa mabenki tu. Vishoka nao wamepata. Google waliliona hilo, mwaka 2023 wakaiondoa alama ya kufuli kwenye Chrome kwa sababu watu walikuwa wanaidhania kuwa ni muhuri wa uaminifu. Vivinjari vingine bado wanayo, na vichwani mwetu bado ipo.

Turudi kwenye daftari. Kampuni inapotoa cheti, inatakiwa kukiandikisha kwenye madaftari ya umma ya mtandaoni, la sivyo vivinjari vitakikataa. Chrome walianza kulazimisha hilo kwa vyeti vilivyotolewa baada ya tarehe 30 Aprili 2018, Apple wakafuata Oktoba mwaka huohuo, Firefox wakaingia 2025. Madaftari hayaendeshwi na mtu mmoja. Google wanayo yao, Cloudflare wana yao, Let's Encrypt na wengine vilevile. Na yametengenezwa kihesabu kwa namna kwamba kila mstari umefungamana na mingine yote. Ukiuchomoa mmoja au ukaubadilisha herufi, jumla ya daftari zima inabadilika na kila anayelikagua anaona. Unaweza kuongeza mstari. Kufuta huwezi, hata kama daftari ni lako.

crt.sh ni dirisha la kusomea madaftari hayo. Liliwekwa mwaka 2015 na kampuni ambayo leo inaitwa Sectigo, nayo ni mtoaji wa vyeti. Unafungua kivinjari, unaandika crt.sh, unaweka jina la tovuti bila https wala mikwaju. Ukitaka na matawi yake yote, tanguliza alama ya asilimia na nukta, hivi: %.jina.or.tz. Itakuja orodha. Ukurasa ni wa Kiingereza na sura yake ni ya kizamani, lakini usiogope, safu za kuangalia ni chache. Kuna tarehe cheti kilipoandikwa daftarini, kinapoanza kufanya kazi, kinapoisha, majina ya tovuti kinayoyahusu, na aliyekitoa. Shuka mpaka chini kabisa, huko ndiko kwenye vyeti vya zamani. Mara nyingine ukurasa unagoma, hasa ukiuliza jina la tovuti kubwa. Kanywe maji, urudi ujaribu tena.

Hapa naomba umakini, maana nimeona watu wakijifunza kitu hiki nusu na kuanza kupiga kelele. Cheti kipya peke yake si dalili mbaya. Vya Let's Encrypt vinaishi siku 90 tu, kwa hiyo tovuti halali kabisa utaikuta ina cheti cha juzi. Unachotafuta ni cheti cha kwanza katika orodha. Tovuti inayodai ni ya taasisi ya miaka kumi, na historia yake yote kwenye daftari ni ya wiki moja, hiyo ndiyo ya kuipigia simu. Na bado ni ya kupigia simu tu, usiihukumu moja kwa moja, kwa sababu hata chama kinaweza kununua jina jipya kwa ajili ya kampeni mpya. Daftari linakupa swali la kuuliza. Jibu analo mtu wa ofisini.

Halafu kuna fomu zinazotengenezwa ndani ya Google, au blogu za bure. Huko crt.sh haikusaidii kitu. Cheti utakachokikuta ni cha Google yenyewe, safi, kikongwe, hakina doa. Fomu nyingi za ovyo zinapitia njia hiyo kwa sababu ni rahisi. Kwa fomu za namna hiyo msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: haijatangazwa kwenye tovuti rasmi ya chama, haijazwi.

Pia tujifunze kusoma jina la tovuti kwa kutokea mwisho. Watu wetu wanasoma kama wanavyosoma barua, wanaanza mwanzo, wakiona “go.tz” mahali fulani katikati wanatulia. Kinachohesabika ni kipande cha mwisho kabla ya mkwaju wa kwanza. Jina linaweza kuanza kiserikali kabisa likaishia kwenye .com ya mtu. Kama halijaishia na .go.tz, usiliamini kuwa la serikali kwa jina tu, hata kama limeandikwa “ajira” na “wizara” na “Tanzania” yote kwa pamoja. Kwenye orodha ya crt.sh hilo linaonekana vizuri zaidi, kwa sababu pale jina linaandikwa zima, halikatwi na udogo wa kioo cha simu.

Mnaweza kujiuliza nani alipata wazo la kuyaweka mambo haya hadharani. Jibu liko Iran, na ni habari ambayo kila kijana wa upinzani angepaswa kuijua.

Uholanzi kulikuwa na kampuni ya vyeti inaitwa DigiNotar. Ilikuwa inaaminika kiasi kwamba serikali ya Uholanzi yenyewe ilitumia vyeti vyake. Julai 2011 wavamizi waliingia kwenye mitambo yake wakajitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500. Kimoja kilikuwa cha Google. Maana yake, mwenye nacho akikaa katikati ya njia ya intaneti, anaweza kusimama akasema “mimi ndiye Gmail” na kivinjari chako kikamwamini, kufuli likawaka, ukaandika nywila yako. Kampuni iligundua kwamba imeingiliwa. Ikanyamaza. Mwishoni mwa Agosti mtu mmoja huko Iran akafungua Gmail, Chrome ikamwonyesha onyo asilolielewa, akaenda kuuliza kwenye ukurasa wa msaada wa Google. Mtumiaji wa kawaida tu. Swali lake ndilo lililofumua kila kitu. Wachunguzi wa Fox-IT walikuta anwani za intaneti zipatazo 300,000 zilizokuwa zimepitia kwenye cheti kile cha uongo, karibu zote za Iran. Septemba 2011 DigiNotar ikatangazwa muflisi.

Fikiria uko Tehran mwaka ule, miaka miwili baada ya maandamano ya uchaguzi wa 2009, na barua pepe zako za kupanga mikutano ziko Gmail. Kufuli lilikuwepo muda wote.

Baada ya hapo wahandisi watatu wa Google, Ben Laurie, Adam Langley na Emilia Kasper, wakaandika pendekezo la daftari la wazi, likachapishwa Juni 2013 kwa jina la RFC 6962. Wazo lao halikuwa kutafuta kampuni waaminifu zaidi ya DigiNotar. Walikubali kwamba yeyote anaweza kuingiliwa, kuhongwa au kuamriwa na serikali yake, kwa hiyo kila cheti kitoke hadharani, mwenye jina aweze kuona nani ametoa cheti kwa jina lake. Na lilifanya kazi. Septemba 2015 madaftari yaliwaumbua Symantec, moja ya kampuni kubwa kabisa za vyeti duniani, walipotoa cheti cha google.com bila Google kuomba. Miaka ya mbele mambo mengine yakafumuka, na kufikia 2018 Chrome ikaacha kuviamini vyeti vyao. Hakuna aliyeomba huruma kwamba ni kampuni kubwa.

Kuna kamanda ataniambia: wewe unatuletea habari za vyeti, wenzako intaneti yenyewe wanaizima. Namwelewa. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, X ikaacha kufunguka nchini. Septemba TCRA ikasimamisha leseni ya JamiiForums kwa siku 90. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima, tukakaa gizani siku kadhaa. Cheti hakikuweza kufanya lolote, na mimi sitamdanganya mtu kwamba kingeweza.

Lakini kuzima ni wizi wa mchana. Kila mtu aliona, dunia iliona, na mpaka leo wanaulizwa. Kuigizwa ni wizi wa kimya, na unashamiri zaidi palipokuwa na kuzimwa. Tovuti unayoizoea ikifungwa, watu wanaanza kugawana njia za panya: ingia kwa linki hii, shusha programu hii, tumia VPN hii ya bure. Kijana mwenye hamu ya habari za ndugu zake anagusa chochote. Hapo ndipo mwenye nia mbaya anapoweka mtego, na wala hahitaji kuzima kitu.

Na kwenye hizo VPN za bure kuna jambo moja ambalo crt.sh haiwezi kukuonyesha. Julai 2019 serikali ya Kazakhstan, kupitia kampuni za simu, iliwaambia wananchi waweke cheti cha serikali kwenye simu na kompyuta zao, eti kwa usalama wao. Aliyekiweka alikuwa ameikabidhi serikali uwezo wa kujifanya Facebook, Google na wengineo mbele ya simu yake na kusoma kila anachoandika. Agosti mwaka huo Google, Mozilla na Apple wakakipiga marufuku kwenye vivinjari vyao. Mauritius, wenzetu wa SADC, mwaka 2021 mamlaka yao ya mawasiliano ilileta pendekezo la kufungua mawasiliano ya mitandao ya kijamii, watu wakapiga kelele. Cheti kilichowekwa kwa mkono ndani ya simu yako hakipiti kwenye daftari la umma. Kwa hiyo programu yoyote, fundi simu yeyote, ujumbe wowote unaokutaka “uweke cheti” ili mtandao ufunguke, kataa. Kwenye Android ingia mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta vyeti vinavyoaminika. Upande wa mtumiaji unatakiwa uwe mtupu. Ukikuta kitu usichokijua, kifute, na ujiulize nani aliishika simu yako.

Sasa nigeukie nyumbani, kwa viongozi wetu, na hapa naomba msinune.

Daftari hili linasomwa na kila mtu, pamoja na wasiotupenda. Kila tawi la tovuti linaloombewa cheti chake, jina lake linatoka hadharani muda huohuo na halifutiki. Vijana wetu wa TEHAMA wakianzisha mfumo wa majaribio wakauita “wanachama-majaribio” chini ya jina la chama, kabla hawajaweka hata nywila, ulimwengu mzima umeshajua upo. Kuna watu kazi yao ni kusoma orodha hizi wakitafuta milango iliyosahauliwa wazi. Nimepitia orodha za asasi na vyama kadhaa vya nchini, sitataja chochote hapa, ila nasema tu kwamba mtu mwenye subira anajifunza mengi kutokana na majina. Cha kufanya si kuacha vyeti. Kuna cheti kimoja kinachofunika matawi yote bila kuyataja, na kuna busara ya kutoweka orodha ya wanachama kwenye mfumo wa majaribio.

Ninachokidai kwa chama ni kidogo. Kitangazwe ukurasa mmoja wenye majina yote rasmi ya tovuti zetu, ili fomu ikija tujue pa kulinganisha. Mtu mmoja apewe jukumu la kupokea taarifa kila cheti kipya kinapotoka kwa jina la chama. Zipo huduma zinazotuma barua pepe zenyewe, Cloudflare wanayo moja, hatuhitaji kuajiri mtu. Na kwenye kumbukumbu za jina la tovuti yetu uwekwe ule mstari unaoitwa CAA, unaotaja kampuni gani inaruhusiwa kututolea cheti. Tangu Septemba 2017 watoa vyeti wote wanalazimika kuuangalia kabla ya kutoa. Ni kazi ya nusu saa. Kama haijafanyika, sababu siyo hela wala dola.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023, inauweka msimamo wa kisiasa wa mtu kwenye taarifa nyeti. Sisi kama chama tunakusanya taarifa nyeti za watu wetu, watu wanaoweza kupoteza kibarua au mkopo kwa sababu ya kadi yetu. Ni wepesi kuisoma sheria hiyo tunapotaka kuibana serikali. Tuisome na inapotubana sisi.

Kwa upande wa tapeli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 15 kinachomhusu anayejifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Sisi huku tunakisikia zaidi kifungu cha 16, kile cha habari za uongo, maana ndicho kinachowapeleka watu wetu mahakamani. Kifungu cha 15 nacho kipo na ni chetu pia. Ukiletewa fomu ya kughushi, piga skrinishoti, nakili jina la tovuti lilivyo, nakili na mstari wa crt.sh wenye tarehe ya cheti, peleka kwa kiongozi wako aende nayo kituoni. Zile meseji za “tuma kwenye namba hii” zinatumwa 15040 ya TCRA. Mtu asikwambie ripoti hazina maana kabla hajapeleka hata moja.

Nimetaja fomu za matokeo hapo juu, na sikuzitaja kwa bahati mbaya. Fomu namba 21A ya urais, 21B ya ubunge na 21C ya udiwani zinajazwa kituoni, wakala anatakiwa apewe nakala, na nakala ibandikwe ukutani watu waione. Waliobandika fomu ukutani na waliobuni daftari la vyeti walikuwa na akili moja: usimwamini mhesabuji, mlazimishe aandike mahali ambapo kila mtu anaona na hawezi kufuta. Tofauti ni kwamba ukuta wa shule ya kijijini unaweza kuchanwa karatasi usiku. Kenya walisogea hatua. Agosti 2022 IEBC waliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya wazi, kila raia akapakua na kujumlisha mwenyewe, na kesi ilipofika Mahakama ya Juu kulikuwa na karatasi za kulinganisha na picha zilizokuwa mtandaoni. Walioshindwa hawakuridhika, hilo ni sawa, lakini walibishana juu ya kitu kinachoonekana. Tume yetu nayo iweke fomu zote mtandaoni. Nimemsikia kiongozi mmoja wa serikali kwenye redio akisema wananchi hawana uwezo wa kukagua mambo ya kitaalamu kama hayo. Yule wa Iran naye hakuwa mtaalamu. Aliona onyo, akauliza.

Ndiyo maana napenda tuanze na hili dogo. Kijana aliyezoea kukagua cheti cha tovuti ya chama chake mwenyewe hutamwambia “tuamini tu” akakubali, awe anaambiwa na tume, na mkurugenzi wa halmashauri, au na katibu wetu wa mkoa.

Hapa Nanyala tumekubaliana Jumamosi hii saa tisa alasiri, baada ya watu kutoka mashambani, tukae vijana wa kata tupitie linki zote zilizoingia kwenye grupu tangu mwezi uliopita, moja baada ya nyingine, na tuandike orodha ya kupeleka Vwawa. Wa Mlowo na Ihanda mnakaribishwa. Mje na simu zenye chaji. Bando la mia tano linatosha, crt.sh ni maandishi karibu matupu.